Hesabu ya presha nyuma ya daftari la kayabo: jibu kwa aliyeuliza kama mzee wake anaweza kuishusha bila dawa

Mwangaluka wadau.

Uzi huu nimeufuatilia tangu juzi nikiwa juu ya magunia nasubiri gari la mzigo. Kijana aliyeuanzisha anasema baba yake ana miaka 58, yuko Sengerema, kapimwa wiki mbili tofauti na zote mbili kakutwa na 150/96 au karibu na hapo. Mzee haumwi popote. Ameahidi kuacha chumvi na kuanza kutembea, ila dawa hazitaki kwa sababu "ukizianza huziachi." Kijana anauliza, kubadili maisha tu kunatosha? Nusu ya waliojibu wamemwambia ampeleke akaandikiwe dawa leo leo, nusu wamempa kitunguu swaumu na limao.

Mimi si daktari. Nauza kayabo na dagaa Mwaloni, pale Kirumba, tangu nilipovuka kutoka Ukerewe nikiwa na miaka 24. Sasa nina 54, na presha ninayo tangu 2017. Ninalo daftari moja nyuma ya mzani. Kurasa za mbele ni madeni ya watu, kurasa za nyuma ni presha yangu. Za mbele zinanipandisha, za nyuma zinanisuta.

Nikujibu kwanza, halafu nieleze. Inategemea mzee ameanzia namba gani. Tabia zinashusha presha kweli, tena siyo kidogo, lakini kila tabia ina kiasi chake, kama kila gunia lilivyo na kilo zake. Huwezi kulitaka gunia la kilo 50 likupe 90 kwa sababu tu una nia njema.

Mimi nilianzia 172/108. Ilikuwa siku ya upimaji wa bure, nikaingia foleni kwa sababu wenzangu walikuwa wameingia. Binti aliyenipima akanitazama, akapima tena, akaita mwenzake. Nikacheka nikasema mashine yenu mbovu, mimi leo asubuhi nimenyanyua magunia sita. Sikuwa na kichwa kinachouma wala kizunguzungu. Hilo ndilo baya la ugonjwa huu, haugongi hodi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo, na mimi nilikuwa nusu hiyo mpaka siku ile.

Nikaambiwa nipunguze chumvi. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama watoto kichupa cha chumvi kitoke mezani. Nikajiona nimemaliza. Miezi miwili baadaye, 168/106.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo wengi tunapojidanganya, na mimi kwa kazi yangu nilipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Kayabo, kwa wasioijua, ni sangara aliyepasuliwa, akapakwa chumvi ya mawe, akapangwa tabaka juu ya tabaka, kisha akaanikwa. Ukimpanga leo, kesho unakuta maji yanachuruzika chini ya rundo. Hakuna aliyemkamua. Chumvi imeyaita maji nayo yakatoka. Chumvi na maji hawaachani: ikiwa nje ya nyama inayavuta nje, na ukiila ikaingia kwenye damu inayashikilia humo ndani. Damu inaongezeka ujazo, mishipa ni ileile, moyo unasukuma mzigo mkubwa zaidi. Figo zinajitahidi kuitoa, lakini zikizidiwa siku baada ya siku, mwili unazoea kuendeshwa kwa msukumo wa juu. Miaka 20 nimeangalia maji yale yakichuruzika na sikuwahi kujiuliza kinachotokea kwangu.

Maana mimi nilikuwa naonja. Mfanyabiashara wa kayabo haangalii kwa macho tu, anakata kipande, anatafuna, anajua kama chumvi imeingia na kama samaki alichelewa kupasuliwa. Kipande hapa, kipande pale, mizigo kumi kwa siku. Mchana nakula ugali wa muhogo kwa kayabo ya kuchoma isiyolowekwa, maana ya kulowekwa niliiona haina ladha. Jioni mlenda uliopikwa kwa magadi. Magadi nayo yana sodiamu, ileile iliyo kwenye chumvi ya mezani, ila sisi tunayaita kiungo. Weka na vile vipaketi vya kukolezea mchuzi, weka chipsi za usiku. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Mimi kijiko changu kilikuwa kimeisha saa nne asubuhi, kabla sijakaa mezani.

Kwa hiyo mzee akisema "nitaacha chumvi", usimuulize kama ameacha kuongeza mezani. Kaa na mama, muulize kinachoingia sufuriani. Nyumbani kwangu kayabo sasa inalowekwa usiku kucha na maji yanabadilishwa mara mbili, na siku nyingi tunakula sato au dagaa wabichi. Wiki mbili za mwanzo chakula kilikuwa kama karatasi. Ulimi ukazoea. Sasa nikila kwa watu najua nani ana mkono mzito.

Kuna utafiti daktari mmoja kijana alinisimulia, nikautafuta mwenyewe, kwa sababu ulikuwa kama unanihusu. Watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya, upande wa pili wa ziwa letu hilihili, wakahamia Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Muda mfupi tu baada ya kuhamia mjini presha yao ilikuwa juu kuliko ya ndugu zao waliobaki kijijini. Damu ni ileile, ukoo ni uleule. Kwenye mkojo wao sodiamu ilikuwa imepanda ikilinganishwa na potasiamu. Potasiamu ndiyo inayozisaidia figo kuitoa sodiamu, nayo iko kwenye viazi vitamu, maharage, ndizi, matembele na mboga za majani kwa jumla. Nikajikumbuka. Ukerewe nilikula viazi vitamu na muhogo, samaki wabichi, machungwa ya shambani kwetu. Mwanza nikala chipsi, chapati na soda. Tena utafiti mwingine wa hapa kwetu Tanzania, wa mwaka 1996, ulilinganisha wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliokula samaki kila siku na wenzao wa Lugalawa waliokula mboga na nafaka. Wala samaki walikuwa na presha ya chini na mafuta mabaya machache kwenye damu. Kwa hiyo samaki hana kosa. Kosa letu ni lile tunalompaka. (Mwenye figo mbovu asikimbilie vyakula vyenye potasiamu nyingi kabla ya kumuuliza daktari, maana inaweza kulundikana mwilini ikamletea matatizo ya moyo.)

Sasa kupima. Hili linaudhi kwa sababu wengi tunabishana juu ya namba za uongo. Mimi naishi Bugarika, juu kwenye mawe, na anayeijua Bugarika anajua maana ya kupanda kwenda nyumbani. Duka la dawa ninalopimia liko katikati ya mlima. Nilikuwa nafika ninahema, napimwa nimesimama, shati la mikono mirefu halijapandishwa, huku naongea na simu bei ya dagaa. Siku moja muuzaji, mama mtu mzima, akaninyang'anya simu. Akaniambia, "Baba, kakojoe kwanza, halafu kaa hapo dakika tano usiongee." Nikakaa, mgongo umeegemea kiti, miguu chini bila kuikunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kutoka 164 ikawa 146. Siku ileile, mtu yuleyule! Na asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene unapandisha namba vilevile. Kwa hiyo kabla hamjaamua chochote juu ya mzee, mpimeni hivyo asubuhi na jioni kwa wiki moja, mara mbili kila safari kwa kupishana dakika moja, mwandike. Ukiona wastani umebaki 140/90 au zaidi, au 135/85 kama mmepimia nyumbani, hiyo ni presha, kusiwe na ubishi.

Tuje kwenye hesabu zenyewe. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2017 ina jedwali la kila tabia na kiasi inachoshusha namba ya juu kwa mwenye presha. Chumvi ikipunguzwa vizuri, 5 au 6. Mazoezi ya kutembea kwa kasi, dakika 90 hadi 150 kwa wiki, 5 hadi 8. Uzito, kama namba 1 kwa kila kilo unayopunguza. Pombe kwa anayezidisha, karibu 4. Hazijumlishwi zote kama bei za sokoni, maana zinaingiliana. Anayepunguza kilo mara nyingi ameshapunguza chumvi na ameshatembea. Mimi nilitoka kilo 94 mpaka 86, chumvi nikaibana, nikaacha bia za Jumamosi ambazo zilikuwa zinaanza Ijumaa, nikawa nashuka Bugarika hadi Mwaloni kwa miguu kila asubuhi. Kwa tabia pekee namba yangu ilishuka kama 18. Nilijivuna sana. Lakini 172 toa 18 ni 154, na 154 bado ni presha.

Mzee wako ana 150. Toa 12, kwa mtu anayejituma, unabaki 138. Inawezekana. Ndiyo maana sikumcheka mzee kama wengine hapa walivyomcheka. Ila iwekewe muda, tuseme miezi mitatu, namba ziandikwe, na daktari ajue tangu siku ya kwanza. Kama ana kisukari, au figo zina shida, au moyo, au alishawahi kupata kiharusi, hiyo miezi mitatu hana. Aanze vyote pamoja.

Usingizi watu wanausahau. Presha ya mtu mzima hushuka usiku akilala, asilimia 10 hadi 20 hivi, hapo ndipo mishipa inapopumua. Biashara ya dagaa inaendeshwa na giza. Mwezi ukiwa haupo, wavuvi wanaingia na taa, sisi tunakesha kuwapokea; mbalamwezi ikiwaka ndipo tunalala. Kwenye daftari langu ukifuata tarehe utaona siku za giza namba ziko juu na siku za mbalamwezi ziko chini, kama vile mwezi ndio unaonipima. Sijaacha kazi, ila mkesha wa siku tatu mfululizo nimeuacha, nagawana zamu na mdogo wangu. Mzee kama anakoroma sana na kukata pumzi usingizini, litajeni hilo kwa daktari, ni chanzo kimojawapo.

Mawazo? Yanapandisha kwa saa hizo, ndiyo. Lakini kwangu mimi mawazo yalifanya kazi kupitia chupa na sigara.

Na sigara niiseme peke yake. Nilipokuwa bado navuta, sigara 10 kwa siku, kuna wakati presha ilisoma vizuri nikaona basi sigara haina neno. Nikamwambia yule daktari kijana. Akageuza kadi yangu ya kliniki, akachora mshipa. Akasema mashine inapima msukumo, haioni ukuta. Utando wa ndani wa ateri ni mwembamba mno, nao unatoa gesi inayoulegeza msuli wa mshipa ili ufunguke. Waliogundua kazi ya gesi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998. Moshi unauchubua utando huo na kuipunguza gesi. Presha nayo inaugonga kila moyo unapodunda, na moyo unadunda kama mara laki moja kwa siku. Ukishachubuka, mafuta mabaya yanapenya ndani ya ukuta wenyewe. Mimi nilidhani yanagandia juu kama masizi ya sufuria, kumbe yanajificha chini ya utando, yanaumuka kama jipu lenye uji. Na hilo jina la kitabibu, atheroma, linatokana na neno la Kigiriki la uji. Likipasuka, damu inaganda hapo hapo na njia inaziba. Ikiziba kwenye moyo ni shambulio la moyo, kichwani ni kiharusi.

Akaniuliza, mshipa ukibaki nusu ya upana wake, ugumu wa kupitisha damu unaongezeka mara ngapi? Nikasema mara mbili. Akasema mara 16. Nikairudia mwenyewe njia nzima ya kurudi nyumbani. Na hata pasipo jipu, ateri inakakamaa kwa umri na kwa msukumo. Nyie mliocheza na manati mnajua: mpira mpya unavutika na kurudi, ukiuacha juani miaka unakuwa mgumu, una nyufa. Mpira huo haurudi kuwa mpya, unaweza tu kuutoa juani. Nikaacha sigara mwaka uleule. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo inashuka karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Kwa biashara yoyote hiyo ni faida ambayo mtu angeikimbilia.

Jambo jingine, na hili nawaambia wabebaji wenzangu kila siku: diklofenaki. Mgongo ukiuma tunapita duka la dawa, tunameza viwili, tunaendelea na magunia. Dawa za maumivu za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, zinafanya figo zishikilie chumvi na maji, zinapandisha presha na kuzipunguza nguvu baadhi ya dawa za presha. Mimi nilizimeza karibu kila siku kwa miaka na hakuna aliyewahi kuniuliza. Muulize mzee kama ana magoti yanayomsumbua na anameza nini.

Kuhusu "ukianza huachi". Nami niliamini hivyo, na nikathibitisha kwa njia mbaya. Mwaka 2018 nilianza kidonge, presha ikashuka hadi 138. Kifundo cha mguu kikaanza kuvimba, nikasema dawa zinaniharibu, na kwa kuwa namba ni nzuri nimepona. Nikaacha kimyakimya, daftari nalo nikaacha. Mwaka uliofuata jirani yangu wa mzani, mtu wa umri wangu, tuliyekuwa tunacheka naye saa moja kabla, mdomo ukapinda na mkono wa kulia ukaanguka kama si wake. Ndugu wakasema karogwa, kuna mtu walikuwa wanagombania naye mzigo. Wakampeleka kwanza kwa mganga. Hospitali alifika kesho yake. Yu hai, lakini anatembelea fimbo na maneno yanamtoka nusunusu, na mzani wake sasa unasimamiwa na mwanawe. Jioni ya siku aliyoanguka nilienda kupima. 180/112.

Kuvimba kwa mguu kulikuwa ni tabia ya dawa ile inayojulikana. Nilipolisema wakanibadilishia nyingine, siku chache mguu ukarudi. Ningesema mapema ningeokoa mwaka mzima. Baadaye wakaniongeza cha pili. Nilipopunguza uzito na chumvi sawasawa, daktari mwenyewe ndiye aliyeondoa kimoja. Kwa hiyo mwambie mzee kwamba mimi nimepunguziwa, lakini kwa namba za daftarini, siyo kwa kujisikia vizuri. Na kidonge siyo uchawi. Kimoja kwa dozi ya kawaida kinashusha kama 9. Nacho kina kilo zake.

Mdau wa kitunguu swaumu, sina ugomvi nawe, nami naweka kwenye samaki. Weka tu usikiite dozi.

Leo asubuhi, baada ya kukaa dakika tano, 132/84. Kijana, kutoka Sengerema siku hizi mnapita darajani Kigongo–Busisi, hakuna tena kusubiri kivuko. Mlete mzee apimwe vizuri na aangaliwe figo na sukari, kisha mpitishe Mwaloni aulizie muuza kayabo mwenye mashine ya presha juu ya mzani. Nitamfungia sato wawili wabichi, na daftari jipya nitampa mimi.